Udi wa Umeme Mdogo

Alhamisi, 31 Julai 2025

Nimewasha chetezo cha Mama. Mara ya kwanza tangu tumzike, mwezi wa Shaaban. Usiku wa Ijumaa bila udi – nyumba hii haikuwahi kuujua Mama akiwa hai. Si chetezo cha makaa. Makaa yalimbana kifua, ndipo Baba akamfungia koili ya umeme chini ya kikombe cha udongo.

Nikatia vipande viwili vya udi wa sukari. Mara moshi mweusi, sukari imeungua, sebule nzima inanuka sufuria iliyosahauliwa jikoni! Baba akachungulia. Akasema hiyo si harufu ya mama yako, akarudi chumbani.

Ijumaa, 1 Agosti

Baba ameanza kupanga nguo. Anahamia Dar kwa Badar, mdogo wangu. Anasema nyumba hii haina mtu.

Na mimi je? Sikumwuliza. Nilikwenda kukuna nazi.

Badar atakuja Alhamisi jioni, maana Ijumaa ni Nane Nane, hana kazi. Sitaki Baba aondoke. Basi, nimeiandika.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda kwa jirani, Bi Kuruthumu, anayekanda udi. Shikamoo, marahaba, habari za mzee. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba huenda sukari imezidi. Loo, alivyonuna! Mkono wake ni ule ule uliomkandia marehemu miaka yote. "Udi hauna kosa, mwanangu. Moto wako una pupa."

Nimeomba radhi, nikanunua kibakuli kingine. Kimeungua vilevile.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeazima kimita cha shule, kile cha kuchomeka kwenye soketi. Nafundisha fizikia watoto wa watu halafu chetezo kinishinde!

Volti 230. Mkondo, ampea 0.5. Ukinzani: 230 gawanya kwa 0.5 – omu 460. Nguvu: 230 mara 0.5 – wati 115. Koili nzima, haijakatika, haijagusana.

Nikamwuliza Baba aliifungaje. Hakupiga hesabu, alikuwa akipunguza na kuongeza waya mpaka Mama akasema hapo hapo. Akageukia ukuta. Hesabu zangu ziko sawa, harufu siyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Na wala si kwa akili. Nilikuwa nafuta vumbi juu ya friji. Stebilaiza ya zamani bado ipo pale, imekufa, na mshale wake wa volti umelala. Nikabaki nautazama.

Miaka yote ile umeme wa mtaa wetu ulikuwa unapungua ikiingia Magharibi, kila nyumba inapika. Taa inageuka nyekundu, rangi ya chai ya mkandaa. Mshale unashuka mpaka 160. Baba anaruka kuchomoa friji isije ikaungua, anabaki na plagi mkononi akiulaumu ulimwengu. Na Mama, bila haraka: "Haya, soketi imepata nafasi." Anachomeka chetezo. Kila Alhamisi! Transfoma mpya imefungwa baada ya Idi, umeme haupungui tena. Yeye hakuiona.

Koili ni ile ile, omu 460. Volti 160 gawanya kwa 460 – ampea 0.35 hivi. Mara 160 – wati 56. Chini ya nusu! Moto wangu ni zaidi ya mara mbili ya moto wa Mama. Na 230 hiyo naiandika ubaoni kila mwaka bila kufikiri, mimi niliyesoma utotoni kwa taa nyekundu ile.

Nikacheka, kisha nikalia, tambara mkononi. Tulivyoulalamikia umeme ule. Leo ningeutaka urudi, jioni moja tu – sote watatu sebuleni hatuonani vizuri, kanzu ya Baba imetandazwa juu ya tenga, moshi unaipanda polepole, Mama anatukataza kufungua dirisha.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa Masoud, fundi wa pasi na feni. Nimemwomba koili ya pili, waya ule ule, urefu ule ule. Amefurahi, akataka kuziunganisha ubavu kwa ubavu nipate joto mara mbili. Hapana! Ncha kwa ncha, zote mbili chini ya kikombe, mkondo upite huku kisha huku. Ananishangaa. Anasema wateja wote huja kuongezewa moto, mwalimu peke yake kaja kupunguziwa.

Omu 920. 230 gawanya kwa 920 – 0.25. Mara 230 – wati 57 na nusu. Karibu kabisa na moto wa Mama. Kwenye karatasi.

Begi la Baba liko mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Magharibi imeshaswaliwa. Badar kapiga simu, yuko njiani, kafika Kerege. Nimechomeka kwenye ekstensheni, friji ikiwa kwenye soketi yake. Kimita kinasema 0.25. Nimetia kipande kimoja, nimekaa chini, naandika ili nisikitazame.

Hakuna kitu.

Bado.

Sukari inatoa jasho, haiungui. Uzi mwembamba wa moshi, mweupe. Ya Rabi – ndiyo. Ndiyo yenyewe.

Mlango wa Baba umefunguka. Amesimama kizingitini kwa soksi, kanzu ya safari mwilini. Ameitazama taa – inawaka nyeupe, kali. Anavuta pumzi. Amepita mbele yangu kana kwamba sipo, kalipita begi lake, moja kwa moja mpaka kwenye friji. Amechomoa plagi.

"Umeme mdogo huu, Huda. Utaua friji."

Nje honi ya Badar, mara mbili. Baba hajageuka. Plagi iko mkononi mwake, ananiuliza nangoja nini, kanzu yake nyeupe iko wapi, kwa nini haijawekwa kwenye tenga. Badar anabisha hodi –