Mkono Nilioinua Mkutanoni

Jumatatu, 19 Mei 2025

Dama katoka uvunguni mwa kitanda sasa hivi, kajaa vumbi mpaka kwenye kope! Alianza kabatini, akaja nyuma ya ndoo za maji, kisha akatambaa uvunguni. Namuuliza, watafuta nini mwanangu? "Kompyuta yetu, mama. Mwalimu kasema tunayo."

Uso uliniwaka.

Ule mkutano wa wazazi Jumamosi! Mwalimu Kasyoka aliuliza, aliye na kompyuta nyumbani ainue mkono. Fadhiya, jirani yangu, akainua. Mwengine naye. Na mimi — sijui shetani gani — nikainua. Nilidhani yuauliza tu. Kumbe tableti za shule ni chache, nyingine hazishiki chaji, na intaneti ni ya simu yake mwenyewe mwalimu. Basi kaamua wafundishwe wasio na kompyuta kwao. Dama apewa karatasi achore.

Mimi mamake ndiye niliyemnyima.

Nimemwambia iko kwa fundi. Mungu nisamehe.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda shuleni kusema ukweli. Nikafika getini. Nikarudi.

Marikiti nikakutana na Fadhiya. Kelele mbele ya wauza ndizi! "Mamake Dama! Kumbe watuficha mali? Yetu kaenda nayo baba Khubaib safarini. Basi Khubaib atakuja kwako ajifunze na mwenziwe." Nikacheka. Nikasema karibuni. Karibuni kwenye nini?

Jioni namsikia Dama uani na huyo Khubaib. Amwambia kompyuta yao iko kwa fundi kule mtaa wa Tudor, ni ya rangi ya fedha, ikirudi atamruhusu aiguse kidogo. Hata hakupepesa macho! Rangi ya fedha kaitoa wapi? Uongo wenyewe nilimpa mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Naandika huku nangoja kuitwa.

Nimepita dirisha la darasa lao. Vichwa vitano juu ya tableti moja. Dama kasimama nyuma kwa vidole vya miguu achungulie. Mwalimu akamwambia kwa upole, wewe kaa, Dama, waachie wasio nazo. Kakaa. Kakunja mikono kama mtu mzima. Moyo wangu!

Leo nasema.

Fadhiya naye kaja, kaketi kando yangu. Kajitanda buibui mpaka kidevuni, hana kelele zake. Nikamuuliza, kwema? "Kwema. Nimekuja kumsalimia mwalimu tu." Nami nikasema, hata mimi. Sote wawili twatazama sakafu.

Hapana. Sikuja kusalimia. Nitasema hata yeye akiwa pale, asikie, acheke akitaka. Nitaanza hivi: Mwalimu, siku ile nilipoinua mkono —

Mlango umefunguka. "Mama Dama, Mama Khubaib, ingieni nyote." Nyote! Fadhiya kanishika mkono, wake wa baridi kuliko wangu, aninong'oneza, "Mwenzangu, tangulia wewe, kwa sababu mimi kwangu haiko hiyo kompyuta, wala haijawahi kuwako."