Kovu Lililohamia Upande wa Kushoto

Shangazi Marjan mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni Bruhan, nauza magodoro hapa Nabuyonga, Mbale, nina mke anaitwa Shifa na watoto watatu, na tangu mwaka jana kila Alhamisi mke wangu huenda Jinja kwa dada mmoja Mkenya, Ivy, anayefundisha wanawake kuchora, nami niliruhusu kwa moyo safi nikidhani wanachora maua na ndege. Sasa wiki mbili zilizopita simu yake ililia akiwa anaoga, nikapokea, mwanaume akasema, "Dada, ile tumbo yako iko tayari, kuja uone." Nikamuuliza wewe nani, akasema, "Mimi Sam wa fremu, bwana," akakata.

Shangazi, tumbo gani hilo? Nilifungua kabati lake nikakuta picha tano za mkaa kwenye makaratasi makubwa, zote za mwanamke mmoja asiye na sura, matiti yameanguka, tumbo limelegea lina michirizi, na katika moja anajizungushia vikoi kiunoni, vile wanawake wetu hufunga chini ya gauni la gomesi ili nyonga zijae, na ubavuni ana kovu la kuungua. Mke wangu ana kovu hilo hilo, la chai ya moto tangu utotoni, ila lake liko kulia na la kwenye picha liko kushoto, kumaanisha aliyechora alimwona harakaharaka akakosea upande. Usiniambie ni yeye aliyechora, mikono ya Shifa naijua, ni ya kumenya matoke. Mimi nasema ni huyo Sam.

Sijamwambia kitu. Nilizichukua nikazificha stoo nyuma ya magodoro, na yeye tangu Jumapili anazitafuta, ameinua hadi vitanda vya watoto, nami nikajifanya namsaidia kutafuta. Jumamosi hii wana maonyesho Jinja. Chakula anakigusa tu, na hilo nalo nalishuku, maana mtu asiye na kosa angeniuliza waziwazi. Zamani hakuwa msiri hivi, alianza kunyamaza baada ya sherehe ya kumtambulisha mdogo wangu Sulait ukweni kwake kule Busiu, nilipomwambia mbele ya wifi zake aongeze kikoi cha pili na cha tatu kwa sababu gomesi ilikuwa inamning'inia, tukacheka yakaisha. Mimi ni Mwislamu, mwili wa mke wangu si wa kutundikwa ukutani. Je, nianze na wazee wa kwao Wanale au na wa kwangu?

Bruhan, Mbale

Bruhan, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliyemshuku ni wewe.

Pole kwanza, najua unaumia. Sasa vua shati, simama mbele ya kioo, ujishike ubavu wa kulia. Huyo aliye ndani ya kioo ameshika ubavu wake wa kushoto. Umeelewa? Hakuna mwanaume aliyemwona mkeo akakosea upande. Shifa alijitazama kwenye kioo akachora alichokiona. Mwaka mzima anakwenda kwa mwalimu wa kuchora, na siku ulipokuta mchoro mzuri ukatafuta mwanaume wa kumpa sifa. Sam ni fundi wa fremu, na alikwambia mwenyewe; tumbo alilolitaja ni mchoro mwingine alioutia fremu kwa ajili ya maonyesho.

Kinachonisumbua mimi ni Busiu. Unasema mlicheka yakaisha. Shifa ulimwona akicheka? Amekuzalia watoto watatu, mwili umebadilika jinsi miili inavyobadilika, nawe unamsimamisha mbele ya dada zako unamwongezea vikoi kama unafunga mzigo wa kupelekwa Tororo. Mimi ningelia. Yeye alichukua mkaa, akaanza kuutazama upya mwili ule mliomcheka, mchirizi kwa mchirizi, bila kuongeza wala kupunguza. Angeweza kukuuliza wewe unauonaje, lakini jibu lako alishalisikia.

Kuhusu dini, hofu yako siidharau hata kidogo. Nendeni kwa shehe ninyi wawili, Shifa aeleze kwa mdomo wake alichokusudia na zipi anataka watu wazione. Lakini huwezi kumpeleka mtu kwa shehe huku umekalia kazi yake ya mwaka mzima. Kuficha kitu cha mwenzio kisha ukainua naye vitanda kukitafuta, shehe atakuwa na neno kwa hilo pia, jitayarishe.

Leo, kabla hujafungua duka, toa picha zote tano, zipanguse vumbi, umkabidhi mkononi, useme ulizichukua wewe na useme kwa nini. Usijidai umeziokota mahali. Atakasirika, na utamwacha akasirike mpaka amalize. Kisha umwombe radhi kwa yale ya Busiu, na wifi zake wakiwepo, kwa sababu ulimwaibisha wakiwepo. Kwa Sam usiende, na Ivy usimpigie simu.

Nadhani ulitamani awepo mwanaume, Bruhan, maana mwanaume ungejua la kumfanya. Mke aliyeumizwa na wewe hujui umfanyeje, ndiyo maana umeniandikia mimi kurasa mbili na yeye hujamwambia neno. Wazee wa Wanale waache wapumzike, na wa kwako pia. Anza na Shifa.