Mawe Aliyoyamimina Marita

Tuntufye, bado nacheka! Bibi ametusimulia sasa hivi habari za bibi yake, Marita, mfinyanzi wa hapa ziwani enzi za Mjerumani.

Wamisionari walimpa saruji iliyobaki walipojenga kanisa. Akaichanganya na mchanga, akaimimina kwenye kalibu za udongo alizozifinyanga ziwe na umbo la bamba, akachora mistari kama ya mwamba. Mabamba yakakauka, akayapanga mlangoni kwake.

Afisa wa Kijerumani akapita, akayapapasa. "Mawe haya umeyaiba wapi?"

UMEYAIBA, shoga!

Marita akajibu, "Nimeyatengeneza mwenyewe." Afisa hakuamini. Basi Marita akamimina lingine mbele yake.

Kesho yake akapasua kalibu watu wote wakitazama. Jiwe tupu!

Afisa akasema, "Mama, nataka mawe kama haya ya ngazi zangu."

Marita: "Kwanza uniombe radhi kwa kuniita mwizi."

Na afisa akaomba!