Karatasi ya Katikati

Gereza Kuu, 9 Machi

Kwako Dada Karani,

Habari za nyumbani? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi nala, nalala, nakohoa kidogo. Chumba changu ni hatua nne kwa tatu. Nimekipima mara nyingi mpaka naona chenyewe kimenichoka.

Jumanne, jaji aliposoma kwamba nitanyongwa kwa kumteka na kumuua mfamasia, nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa umeinama, unaandika. Haki ya nani nilitaka kucheka. Wewe siku ya kiama utamwambia malaika asubiri kwanza uangalie saa.

Sikulaumu kwa daftari lako la ghala, lililosomwa mahakamani. Uliandika kweli: Jumatano nilichukua ufunguo wa chumba cha nyuma cha ghala. Alhamisi jioni, mimi na Kipara tulimshusha mfamasia mle, nyuma ya magodoro mabovu, amefungwa mikono na miguu. Hilo ni langu, silikatai. Lakini nilimwacha hai, nikaondoka na lori la mizigo, nikarudi Jumapili. Jumatatu akakutwa amekufa. Kipara hajaonekana hadi leo, na jaji ameona nilimuua mimi kabla ya kuondoka.

Wakili anakata rufaa. Anasema akipatikana mtu wa kuonyesha kwamba mfamasia alikuwa hai Ijumaa, shingo yangu inaweza kupona. Ijumaa ile ulikuwa ghalani, unahesabu mali ya mwisho wa mwezi. Hukusikia chochote?

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Machi

Kwako mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea jana saa tisa alasiri. Sisi wazima. Mama ameacha mkongojo ndani ya nyumba, ila nje bado anautaka. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu. Siku hizi hapiti mlangoni kwetu, salamu alizituma kwa mtu. Hicho kikohozi ni kikavu au kina makohozi? Kilianza tarehe ngapi? Nimekutumia sabuni vipande vinne, dawa ya meno na soksi jozi mbili.

Kuhusu uliloniuliza: Ijumaa tarehe 30 Agosti nilikuwa ghalani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Unajua mwenyewe magodoro yanavyomeza sauti. Daftari lilisomwa lote mahakamani. Halina kitu.

Dada yako


Gereza Kuu, 4 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Kikohozi ni kikavu, mheshimiwa daktari, na kilianza tarehe 2 Machi. Umefurahi? Soksi zimefika jozi moja. Ile nyingine imepata miguu mingine huku njiani, mwambie mama asisikitike.

Kuna jambo sikulisema mahakamani, kwa sababu lingekuingiza na wewe. Kipara alisema tutamficha yule bwana siku moja tu, mpaka jamaa zake watoe walichoambiwa. Alhamisi, Kipara alipotangulia garini, mfamasia alinitazama. Nilishindwa kumfungulia. Nilimwogopa Kipara, ndiyo kweli yenyewe. Basi nikamwinamia nikamwambia: "Kesho saa mbili dada yangu anakuja kuhesabu. Ana ufunguo wa pili. Piga ukuta kwa kisigino. Yule anasikia hata sisimizi akikohoa."

Nikaenda zangu na lori, nikijua kazi nimekuachia wewe.

Kama hukusikia, basi Kipara alirudi usiku uleule akammaliza. Nimemwambia wakili aiache hoja ya Ijumaa. Usiumize kichwa, dada.

Mdogo wako


Nyumbani, 17 Juni

Kwako mdogo wangu,

Sina amani ya kukuuliza hali. Mama hajambo.

Nimeanza barua hii mara tisa. Askari anayesoma barua kabla yako naye aisome, haidhuru.

Nilisikia. Niliandika hivi: "Ijumaa 30 Agosti, saa tatu na dakika kumi. Kishindo chumba cha nyuma, kama kisigino ukutani. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nitaangalia nikimaliza kuhesabu magodoro."

Sikuangalia. Ufunguo ulikuwa kiunoni. Nina ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuniambia ni ugonjwa: nikishaandika jambo, moyo wangu huliona limeshafanyika. Nilifunga daftari nikatulia kabisa, kama mtu aliyetimiza wajibu.

Jumatatu alipopatikana, nilikumbuka. Siku zile zilikuwa katikati ya daftari, palipo na pini. Nilizifungua pini kwa kisu, nikachomoa karatasi ile, nikaweka nyingine kutoka daftari jipya la aina ileile. Nikanakili Ijumaa mpaka Jumatatu kwa mwandiko uleule na kalamu ileile, nikaruka mistari mitatu. Kisha daftari nikawapelekea polisi kwa mkono wangu, na wakanisifu kwa unadhifu.

Kwa hiyo ukurasa unaokutia hatiani niliuacha, na uliokuwa wa kukuokoa niliuondoa, kwa sababu ulinitaja mimi.

Karatasi yenyewe sikuitupa. Barua yako ya Aprili ilipofika niliitoa, nikairudisha, nikaitoa. Jana saa nne nilimkabidhi wakili. Ameniambia nitashtakiwa kwa kuficha ushahidi. Nimemwambia naelewa.

Usinijibu kama huwezi.

Dada yako


Gereza Kuu, 2 Oktoba

Dada,

Nimekaa na barua yako miezi mitatu na nusu. Mahakama ya rufaa ilipokuita kizimbani tuliangaliana kama wageni wa stendi.

Hukumu imetoka jana. Kitanzi kimeondolewa, nimepewa miaka thelathini kwa kumteka. Niliporudi, wenzangu walipiga milango kunipongeza. Niliwaomba wanyamaze, wakadhani nimerukwa na akili.

Nilikuwa naomba kila siku awe alikuwa hai Ijumaa. Sasa najua alikuwa hai, akapiga ukuta, akasubiri. Sijui niombe nini tena.

Ulipomaliza kutoa ushahidi, askari walikutoa nje, kwa hiyo hukuona. Wakili alirudia kuisoma ile mistari yako mitatu. Mjane wa mfamasia alikuwa benchi la mbele. Hakulia. Alisimama bila ruhusa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Alikuwa amebakiza magodoro mangapi?"

Jaji alimwomba akae.

Namwandikia leo. Nakuuliza wewe kwa niaba yake: yalikuwa yamebaki mangapi?

Mdogo wako


Nyumbani, 9 Oktoba

Kwako mdogo wangu,

Kumi na manne. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeyamaliza, nikaenda kunywa chai.

Dada yako