Weupe wa Kilimani

Msambweni

Mwanakombo, mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mamako hajambo, na babu yako asumbuliwa na magoti tu. Wasema kisiwa ulichokwenda kusoma kina milima ya misitu mizito isiyotoka ukungu, na wauliza kama sisi tuliwahi kuwa na kitu kama hicho.

Tulikuwa nacho. Miaka ya hamsini, nilipokuwa kigori, kilima cha nyuma ya mashamba yetu kilikuwa msitu mnene. Upepo wa bahari ukikipanda, hugeuka wingu. Wanawake tulikitazama asubuhi: kikiwa cheupe, mvua i karibu, twapanda mpunga.

Msimu mmoja kilikuwa cheupe kutwa. Mama akasema, "Haya, toeni mbegu yote." Tukapanda hata ya akiba. Jioni upepo ukageuka, ukatuletea harufu. Mama akaliacha jembe likaanguka.

"Ule ni moshi," akasema.

Watu walikuwa wakiuchoma msitu wapate kulima. Mbegu zikaliwa na ndege mchangani. Njaa ya mwaka ule nisikueleze.

Tangu hapo, kilima kikiwa cheupe, nilikuwa nanusa kwanza. Siku hizi sinusi, mwanangu. Ukungu hauji, na cha kuungua hakikubaki.

Nyanyako,
Mwanaisha