Pale Piano Inapoingia

Balambala

Mama Ndanu,

Mimi mzima, ila joto la huku limeyeyusha gundi ya fidla yangu tena.

Jioni huwa napiga ile konseto yetu, wewe kwenye piano, mimi nyuma kwenye okestra. Napiga sehemu yangu, zamu yako ikifika nashusha upinde nisikilize. Unakumbuka pale katikati, piano ikibaki peke yake? Okestra nzima tulikuwa tunasahau kupumua.

Jirani yangu Hani, kwa lafudhi yake ya Kisomali, aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini unabiga kidogo halafu unanyamaza?"

Nikamwambia namngoja mke wangu.

"Wallahi, si umwite?"

Dada yako anasema tangu tumzike Ndanu hujagusa piano, na sasa hata chakula hutaki. Simu zangu hupokei. Ruhusa ya kuja nyumbani bado sijapata. Naogopa, mke wangu. Naogopa nitakuja kukuzika na wewe.

Barua hii ikikufikia, mwambie dada yako anipigie, aiweke simu juu ya piano. Piga noti ya kwanza tu, hata ukikosea. Nitaingia.

Baba Ndanu