Uzi Mwekundu wa Siku Moja

Wewe mshona kola, nilidhani umehama dunia. Mwaka juzi ulikuja hapa unalia kwamba mtoto wa pili hapatikani, nikakwambia uende na mumeo mkapimwe kisha urudi kunieleza, ukaniacha nikikodolea macho mlango. Leo umerudi na karatasi mbili zilizoandikwa mbele na nyuma, nukta za kuhesabu. Mjukuu wangu kanisomea mara mbili, maana mimi shule niliiona kwa nje. Wasomaji, msikilizeni kwanza, halafu nitasema naye.

*

Bibi mpendwa, nisaidie na usinigombeze sana, najua nimekaa kimya, lakini jambo hili liko kichwani mwangu siku kumi na saba na sina wa kumuuliza ambaye hatacheka. Kiwandani kwetu tunashona sare, na kwenye mstari wetu wa mashine tuna desturi, mwanamke akiingia kwenye siku zake anafunga uzi mwekundu kwenye mashine yake, ili msimamizi akimwona anainuka kwenda chooni mara kwa mara asimuulize, siku zikiisha anaufungua, kwa hiyo tunajuana wote hata tusipotaka. Wangu hukaa siku tano kamili, lakini mwezi huu niliufunga siku tatu kabla ya tarehe yangu, na kesho yake mchana nikaufungua kwa sababu yalikuwa matone tu, rangi ya waridi halafu kahawia, pedi haikujaa hata robo, na yale maumivu ya kiuno ninayoyajua hayakuja. Shoga yangu wa mashine ya vifungo, tunamwita Redio, akaniangalia akasema, "Wewe, uzi wa siku moja? Umefunga au umejaribisha?" Nikamwambia labda nina mimba, akasema, "Mwenye mimba hafungi uzi, mama. Umefunga, basi huna. Shona kola." Wote wakamuunga mkono, na mimi nikakubali, ila jioni ileile nikapita duka la dawa nikachukua kipimo, nikanywa maji mengi ili mkojo upatikane, nikapima, ukatoka mstari mmoja, yaani hamna mimba. Sasa Bibi, mbona harufu ya mafuta ya mashine niliyoizoea miaka sita siku hizi inanifukuza, na mbona maziwa yananiuma nikilala kifudifudi, na je, damu ikiwa chache hivyo inahesabika kuwa hedhi au ni kitu kingine, na kama mimba ipo damu inatoka wapi, na mwili unaweza kujizulia dalili kwa sababu ya kutamani, maana mimi na mume wangu, fundi friji, tunatafuta mtoto mwaka wa tatu sasa, na yeye sijamwambia kitu. Na Jumatatu nahamishiwa chumba cha rangi, wanakotia vitambaa rangi, mvuke wa dawa unakereketa mpaka kooni na mjamzito haruhusiwi kuingia, nimepewa fomu niweke saini kwamba sina mimba, nimeikunja iko kwenye pochi. Niweke?

Mshona kola

*

Mshona kola, usiweke. Kalamu iache huko huko kwenye pochi, halafu tuongee.

Huyo Redio anapendeza kusikiliza, lakini uzi unamwambia msimamizi akuache uende chooni, basi. Kilichomo tumboni uzi utakijulia wapi? Nilimwita nesi wa zahanati ya mtaani kwetu, nikamkalisha jikoni, nikamuuliza maswali yako moja moja na mengine yangu, maana hata mimi niliyezaa saba nilitaka kujua. Akasema mimba changa inapojishikiza kwenye mfuko wa uzazi, wanawake wengine hutoa matone karibu na siku zilezile wanazosubiri hedhi. Wengine hawatoi kitu. Matone yako yanaweza kuwa hayo. Yanaweza pia kuwa hedhi nyepesi tu, kwa mawazo, kwa kukonda ghafla, kwa sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, au tezi ya shingoni imevurugika. Na hayo maumivu ya maziwa, hata hedhi inayokaribia huyaleta.

"Sasa nimwambie ipi?" nikamuuliza.

"Bibi, kwa kuangalia damu peke yake hata mimi sijui. Apime."

"Si alipima?"

"Lini?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ulipima siku ya matone, tarehe yako yenyewe haijafika, tena mkojo umeujaza maji. Kipimo hakikukudanganya, wewe ndiye uliyekiuliza mapema.

Kwa hiyo kesho ukiamka, kabla hujagusa chai, mkojo wa kwanza, kipimo kipya. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, usikirudie baada ya saa nzima kukitafutia mstari. Ikiwa miwili, nenda zahanati uwaeleze na habari ya matone, na msimamizi mwambie chumba cha rangi huingii. Ikiwa mmoja na hedhi bado haijaja, zahanati nenda vilevile, upime tena baada ya wiki, na fomu isubiri majibu. Lakini ukipata maumivu makali chini ya kitovu, hasa upande mmoja, au ncha ya bega ikauma, au kizunguzungu, au damu nyingi, usingoje zamu iishe. Hospitali saa hiyohiyo. Mimba inaweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo inaua.

Sasa la mwisho, na hili utanichukia. Siku kumi na saba umepita mbele ya duka la dawa asubuhi na jioni. Hukukosa kipimo. Umeuogopa mstari mmoja, ukaona afadhali uishi na labda. Nakuelewa, mama, miaka mitatu si mchezo, na bado nakugombeza, kwa sababu hiyo labda ulitaka kuiingiza kwenye mvuke wa dawa. Mwambie fundi friji leo. Mtoto mnamtafuta wawili, woga unaubebaje peke yako?

Mistari ikiwa miwili, maliza kwanza mambo ya zahanati, mimi nitangoja. Ikiwa mmoja, usinipotelee tena. Njoo siku hiyohiyo na machozi yako, kabla hujanawa uso.